Kobe wa Kuchora Chini

(Muziki wa kipindi. Unashuka polepole.)

Leo naongea na wewe mzazi, na wewe dada au kaka unayelea wadogo zako, hapa Nyarushishi na popote mlipo Rusizi.

Huenda siku moja gari likaja kuwapeleka Mahama, kule Kirehe. Mtoto wako ataingia darasani na kufuata mtaala wa Rwanda. Siku ya somo la sayansi, mwalimu anaweza kuleta kompyuta ndogo ya kijani na nyeupe, inayoitwa XO. Rwanda ilianza kuzigawa katika shule za msingi mwaka 2008, na kompyuta imo ndani ya somo la sayansi na teknolojia. Wenzake watabonyeza. Na wako je?

Mimi niliigusa kompyuta mara ya kwanza nikiwa sekondari. Niliogopa kuiharibu, nikamwachia jirani yangu kila kitu. Somo likaisha, sikujua lolote. Sitaki mtoto wako akae kama nilivyokaa.

Utasema, "Hapa hatuna hata taa, tutapata wapi kompyuta?" Sikiliza. Ndani ya XO kuna programu ya kobe. Mtoto anampa kobe amri, naye anatembea akichora mstari. Wazo hilo limetoka katika lugha ya kompyuta iitwayo Logo, iliyobuniwa Marekani mwaka 1967. Na kobe wa kwanza hakuwa kwenye kioo. Alikuwa mashine iliyotembea sakafuni. Basi hata wao walianzia chini, na sisi udongo tunao.

Leo jioni fanya hivi. Wewe uwe kobe, shika kijiti. Mtoto akuamuru: "Hatua nne mbele. Geuka kulia." Fanya lile alilosema tu, hata kama unajua alitaka jingine. Akisahau kusema "geuka", nenda moja kwa moja mpaka ukutani. Atacheka, lakini amejifunza jambo kubwa: kompyuta hufuata ulichosema, haijui ulichokusudia.

Akirudia amri hizo mbili mara nne, mraba umekamilika. Sasa muulize, "Tunaweza kusema kwa kifupi?" Akijibu, "Rudia mara nne," hapo ameanza kuandika programu.

Akikosea, usimkaripie na usimsahihishe. Mwambie apange amri zake kwa vijiwe, kijiwe kimoja amri moja, kisha atafute kile kilichokaa vibaya. Watu wa kompyuta hufanya kazi hiyo kila siku.

Jambo la mwisho, mama na baba. Msichana asitumwe maji wakati kaka yake anacheza. Darasani kompyuta moja inaweza kutumiwa na watoto kadhaa, na mwenye kujiamini ndiye anayeishika. Wote wapewe zamu, na wafundishwe kusema, "Mwalimu, sijaelewa." Kuuliza si ujinga.

Tulipovuka mpaka, wengi tuliacha vitu nyuma. Atakachojua mtoto hakihitaji mzigo wala nafasi garini.

Mchore mraba leo. Kesho mjaribu nyumba yenye paa. Mimi ni mtangazaji wenu, kwaherini, tuonane kipindi kijacho.

(Muziki unapanda. Mwisho.)