Mafuta ya Risasi



Juma lililopita nilikuwa kwenye foleni katika duka moja la mtaani kwetu. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja, mtu mzima. Alishika kopo la mafuta ya kupikia akamwuliza mwuzaji: "Mwanangu, haya yametokana na nini?" Kijana akajibu bila hata kumtazama: "Mama, kama huyataki, rudisha." Mama akarudisha kopo, akaenda zake. Tuliobaki tukaanza kuyakagua makopo yetu.

Njiani nikakumbuka mafuta mengine, ya kupaka risasi. Hayo yaliwasha vita.

Kwa Kiswahili, risasi ni jina la madini na ni jina la kile kitokacho kwenye bunduki. Madini hayo ni laini, huyeyuka upesi na humiminwa katika kalibu. Lakini risasi ikitoka kwenye kalibu bado kuna mambo mawili. Kwanza kipimo: ikiwa nene mno haipiti kwenye mtutu, ikiwa nyembamba mno, nguvu ya baruti hupita kando nayo haiendi ilikotumwa. Pili mafuta: bila hayo, masizi ya baruti huganda ndani ya mtutu, na risasi hukwama.

Waingereza walitengeneza bunduki ya Enfield ya mwaka 1853. Ilishindiliwa kwa mbele kama gobore, ila ndani ya mtutu ilikuwa na mifereji ya kuizungusha risasi. Risasi na baruti vilifungwa pamoja katika karatasi, na upande wa risasi ukapakwa mafuta. Askari alitakiwa aing'ate karatasi kwa meno, amimine baruti, kisha ashindilie.

Januari 1857, huko Dum Dum karibu na Calcutta, zikavuma habari miongoni mwa askari wa Kihindi wa Kampuni ya India Mashariki: mafuta hayo ni ya ng'ombe na nguruwe. Ng'ombe ni mtukufu kwa Mhindu. Nguruwe ni haramu kwa Mwislamu. Wakauliza: ni mafuta gani haya?

Wakubwa walipochunguza, ilionekana hakuna aliyejali kuhakikisha ni ya mnyama gani. Ndipo wakaruhusu askari wapake mafuta yao wenyewe, na baadaye wachane karatasi kwa mkono. Askari wakasema: kama hapakuwa na kitu, mbona mnabadili? Lisemwalo lipo.

Aprili 24, mjini Meerut, askari 90 waliamriwa kupokea risasi. Zilikuwa za aina ya zamani waliyoizoea, lakini 85 walikataa. Walihukumiwa kifungo na kazi ngumu, na Mei 9 wakatiwa pingu mbele ya wenzao. Kesho yake kambi ikalipuka, askari wakaelekea Delhi. Vita viliendelea zaidi ya mwaka, watu wengi mno wakafa, na mwaka 1858 Kampuni ikanyang'anywa utawala wa India.

Nisieleweke vibaya. Mafuta hayakuwa sababu pekee. Palikuwa na manung'uniko ya ardhi, ya mishahara, na ya ufalme wa Oudh uliotwaliwa mwaka 1856. Lakini imani ilikuwa imekwisha, na imani ikiisha hata risasi ya zamani huonekana najisi.

Ndugu zangu, kuuliza si ujinga, wala si matusi. Anayeuliza kilichomo ndani ya chakula, dawa au sindano ya mtoto wake anastahili jibu. Hata "sijui, ngoja niulize" ni jibu la heshima. Amri siyo jibu.

Huenda kopo lile lilikuwa la alizeti tupu. Kijana angetamka neno hilo moja tu, mama angelipa.