Kwanza Tazama Kifua cha Mtoto, Picha Baadaye

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, ila tumepunguza vicheko.)



Katika sanduku letu la maswali mmoja wenu aliandika hivi: "Mdogo wangu akikohoa, je, akipigwa picha ya kifua itajulikana kama ana korona?" Hakuandika jina, na sitamtafuta. Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo lililonileta leo.

Najua wengine mnaguna: dada, korona si ilikwisha? Kilichokwisha ni dharura. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba korona si dharura ya dunia nzima tena. Kirusi chenyewe hakikupanda basi kikaondoka. Bado kinazunguka pamoja na virusi vingine vya mafua, na mtoto mdogo akianza kukohoa, nyumbani hakuna anayejua ni kipi kati ya hivyo. Tena mama akiwa sokoni, ni nani anayembeba huyo mtoto? Si ninyi?

Twende kwanza kule ugonjwa ulikoanzia, Wuhan, nchini China. Mwanzoni mwa mwaka 2020 hospitali ya watoto ya mji ule ilipewa kazi ya kuwatibu watoto wote wa chini ya miaka 16 waliopata korona. Madaktari waliwapima watoto 1,391, wakakuta 171 wana kirusi. Mwezi wa Machi mwaka huohuo wakaandika walichokiona. Nimeisoma taarifa ile mara nyingi, maana ilinifuta mambo kadhaa niliyokuwa nikiyaamini.

Chukua homa. Sote tuliambiwa homa ndiyo ya kwanza. Mnakumbuka kile kipimajoto cha mlangoni, unalengwa kwenye paji la uso kama unapigwa bastola? Basi kati ya wale watoto 171, waliopata homa walikuwa 71 tu. Hawafiki nusu! Waliokohoa walikuwa 83, waliokuwa na koo jekundu 79. Wachache walikuwa na makamasi, wengine waliharisha au kutapika. Na watoto 27 hawakuwa na dalili yoyote, wala picha zao hazikuonyesha nimonia.

Sasa sikilizeni hili. Watoto 12 picha zao zilionyesha nimonia, lakini wao wenyewe hawakuwa na dalili hata moja. Picha inasema mgonjwa, mtoto anasema niacheni nicheze. Nani mkweli?

Ili tujibu, lazima tujue picha inaonaje. Eksirei iligunduliwa na Mjerumani mmoja, Wilhelm Röntgen, mwaka 1895. Mionzi ile hupita mwilini kama mwanga unavyopita kwenye pazia. Penye hewa inapita kirahisi, na picha inatoka nyeusi. Penye mfupa inazuiwa, panatoka peupe. Mapafu yamejaa hewa, kwa hiyo mapafu mazima ni meusi. Nimonia ikiingia, vifuko vya hewa vinajaa majimaji na usaha, na pale panakuwa na weupe. Ni hivyo tu, hakuna uchawi.

Siti-skani ni mionzi ileile, ila mashine inamzunguka mgonjwa na kumkata kwa picha, kipande kwa kipande, kama mkate wa dukani. Kule Wuhan watoto 56 walionekana na kitu ambacho madaktari wanakifananisha na kioo kilichofifishwa. Mnakijua kile kioo cha dirisha la bafuni? Mwanga unapita, lakini huwezi kumtambua aliye ndani. Mapafu yanakuwa na ukungu wa namna hiyo.

Lakini ukungu huo si wa korona peke yake. Virusi vingine vinauleta pia. Ndiyo sababu kipimo cha korona ni kile kijiti cha puani wala si picha. Mwezi wa Machi 2020 hata chama cha madaktari wa picha cha Marekani, watu ambao picha ndiyo kazi yao, kilisema siti-skani isitumike kama kipimo cha kwanza cha kutafuta korona. Tena siti-skani ina mionzi mingi kuliko eksirei ya kawaida, mara nyingi sana, na mwili wa mtoto unaokua unaumizwa na mionzi upesi kuliko wa mtu mzima. Eksirei moja ya kifua ina mionzi kidogo, haitishi, lakini hata hiyo haipigwi kwa kuridhisha majirani.

Majirani nawataja kwa sababu. Mwaka 2021 nilikuwa mwanafunzi wa chuo, nimerudi nyumbani likizo. Dada yangu alikuwa na mtoto wa miezi tisa. Mtoto akaanza kukohoa na kuchemka. Kila aliyeingia mlangoni alikuwa daktari: "Mpelekeni akapigwe picha, hiyo ndiyo korona yenyewe." Mwingine akashauri tumfukize, ambalo nashukuru bibi alilikataa palepale, sufuria la maji ya moto na mtoto mchanga chini ya blanketi moja, jamani, ni ajali iliyopangwa. Basi tukachangishana. Shemeji aliuza simu. Tukampeleka kwenye zahanati moja ya kulipia, akapigwa eksirei, tukaambiwa picha safi. Hakuna aliyemvua nguo mtoto akamtazama anavyopumua. Nasi hatukuuliza. Tulirudi na ile bahasha kubwa tumeishika kama cheti cha kumaliza shule.

Usiku ule mtoto alikataa kunyonya. Dada alisema amechoka. Mimi, msomi wa chuo kikuu, nikasema picha si imeonyesha yuko safi? Bibi yangu hajui kusoma. Alimchukua mtoto, akafungua kanga, akasogeza taa. Akatuonyesha: kila mtoto akivuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua ilikuwa inabonyea ndani badala ya kupanda juu. Hatukungoja asubuhi.

Hospitalini muuguzi alimbana kidoleni kale kakifaa kenye taa nyekundu, kanakosoma oksijeni kwenye damu. Ikasoma 86. Kwa mtoto, ikishuka chini ya 90 anahitaji oksijeni. Alikaa kwenye oksijeni siku nne, akapona, na sasa anavunja vyombo vya watu. Je, ilikuwa korona? Hakupimwa puani, kwa hiyo siwezi kusema. Na kwa usiku ule jibu la swali hilo lisingebadilisha kitu. Kilichokuwa kinamuua ni kukosa hewa, basi.

Picha ile haikusema uongo. Ugonjwa ukiwa mchanga, picha inaweza kuwa safi. Na kuna magonjwa ya virusi yanayobana vijiti vidogo vya hewa vya mtoto bila kuchora weupe wowote. Picha ni habari ya dakika ile ilipopigwa. Sisi tuliigeuza ikawa habari ya usiku mzima.

Kwa hiyo, mdogo wako akikohoa, jambo la kwanza ni kuhesabu pumzi zake. Ngoja atulie au alale. Akilia au akinyonya hesabu haifai. Inua nguo uone kifua na tumbo. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana watoto wachanga hupumua kwa kusuasua: haraka, kisha pole, kisha haraka. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni hiki: mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni haraka mno. Wa miezi miwili mpaka kumi na moja, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Akifikisha hapo anapelekwa kituo cha afya siku hiyohiyo. Msingoje Jumatatu.

Na akiwa kifua kinabonyea ndani, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au amelegea haamshiki, au midomo na ulimi vimekuwa vya bluu, hapo hata kuhesabu msihesabu. Mnaondoka.

Liko na jingine ambalo watu wengi hawalijui. Mwezi wa Aprili 2020 madaktari wa Uingereza walitoa tahadhari kwamba wameona watoto wachache wanaougua vikali wiki kadhaa baada ya korona, hata kama korona yenyewe iliwapitia kimyakimya. Homa isiyoshuka kwa siku kadhaa, tumbo kuuma, vipele, macho mekundu. Ni nadra, lakini inaweza kushika moyo. Mtoto wa namna hiyo hatibiwi kwa panadoli nyumbani.

Najua swali linalokuja: je, picha haina kazi? Inayo sana. Mtoto anazidiwa pamoja na dawa, daktari anataka kujua kama kuna maji yamezunguka pafu. Amemeza punje ya karanga ikaingia njia ya hewa. Amekohoa zaidi ya wiki mbili na nyumbani kuna mwenye kifua kikuu. Hapo daktari akisema picha, nendeni bila kubishana. Kule Wuhan watoto watatu walifika kwenye mashine ya kupumulia. Wote watatu walikuwa na ugonjwa mwingine kabla: mmoja saratani ya damu, mmoja figo, mmoja utumbo uliojikunja. Huyu wa mwisho, wa miezi kumi, alifariki. Kwa hiyo mtoto mwenye ugonjwa mwingine mwilini, ukimfikisha kwa daktari, litaje hilo mwanzo kabisa, hata kabla hujaulizwa.

Haya, tufanye kazi kidogo. Kila mwenye saa aitoe. Wasio na saa tazameni ile ya ukutani, inachelewa dakika kumi lakini mshale wake wa sekunde unatembea sawasawa. Geukeni wawiliwawili. Mmoja apumue kama kawaida, asicheke, mwenzake ahesabu dakika nzima. Ninyi wakubwa mtapata kati ya 12 na 20. Wewe uliyepata 34, ulikimbia kuwahi hapa?

Leo usiku, mwenye mdogo wa chini ya miaka mitano nyumbani amhesabu akiwa amelala, angali mzima, ili ajue namba yake ya kawaida. Andikeni namba na umri, jina la mtoto si lazima, mtie kwenye sanduku. Alhamisi nitalifungua na tutazisoma pamoja.