Viluwiluwi vya Mbu, na Dawa Inayoshindwa



Labda mtu atasema: Mbu ni kazi ya waganga, watu wa kilimo wanataka nini hapo? Jibu ni hili. Mbu aletaye malaria huzaliwa katika maji, na mengi ya maji hayo tumeyafanya sisi wenyewe kwa jembe na koleo: mfereji wa bondeni, shimo la matofali, bwawa la samaki lililoachwa, shimo la mchimba madini. Hata kwato za ng'ombe katika malisho ya Masisi huacha vidimbwi vidogo ambavyo mbu huvipenda. Tena sumu inayoingia katika maji hayo mara nyingi hutoka katika bomba la kupulizia mboga. Basi neno hili ni letu pia.

Kwanza mmjue adui. Mbu wa malaria huitwa anofele. Jike hutaga mayai 50 hata 200 kwa mara moja, na hupenda maji yaliyotulia, masafi, yenye kupata jua. Kiluwiluwi chake hulala juu ya maji kama kijiti kilicholazwa. Cha mbu wengine huning'inia kichwa chini. Hula, hukua, hujivua ngozi mara nne, kisha hugeuka kuwa kitu kilichopindana, kisichokula tena, na humo hutoka mbu mwenye mabawa. Katika joto la Walikale kazi hiyo yote huisha kwa siku zipatazo kumi. Katika baridi ya milima ya Masisi huchukua siku nyingi zaidi.

Watu wa milimani wasijivunie baridi yao. Huko Kabale, katika Uganda, wataalamu walipima mabonde ya mafunjo, na mwaka 2000 wakaandika waliyoyaona. Bonde lililofyekwa mafunjo na kulimwa lilikuwa na joto zaidi usiku, na mbu wa malaria walikuwa wengi zaidi katika nyumba za kando yake. Mafunjo hutia kivuli. Ukiyaondoa, jua huingia majini. Sisemi msilime bondeni, maana watu wanataka kula. Nasema mfereji ukichimbwa uwe na mteremko, maji yaende, na kila baada ya mvua usafishwe. Mfereji uliozibika ni nyumba ya mbu.

Sasa nije kwenye sumu, maana hapo ndipo hatari ilipo.

Mtu huona viluwiluwi katika dimbwi karibu na nyumba. Anayo chupa ya dawa aliyonunua kwa ajili ya kabichi au nyanya. Amwaga kidogo majini, na kesho yake viluwiluwi vimekufa. Afurahi. Lakini je, vyote vimekufa? Tuseme vilikuwa 1000, na 10 vimebaki hai. Hivyo kumi havikubaki kwa bahati tu. Vingi katika hivyo vina mwili ambao sumu ile haiushiki sawasawa, au tumbo linaloivunja sumu kabla haijadhuru. Hao ndio watakaozaa.

Ninyi mwaijua kazi hii, maana mwaifanya kila mwaka. Wakati wa mavuno mwachagua magunzi mazuri ya mahindi kuwa mbegu, na miaka ikipita shamba lote hufanana na yale mliyoyachagua. Mtu amwagaye sumu ileile katika maji yaleyale anachagua mbegu ya mbu. Tofauti ni kwamba mahindi huzaa mara moja au mbili kwa mwaka, na mbu huzaa vizazi vingi katika masika moja.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi alitambua kwamba DDT yaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa tuzo ya Nobel. Wengi walidhani mbu amekwisha. Lakini mwaka 1955, Nigeria ya kaskazini, walionekana anofele wasiokufa kwa dieldrini, sumu nyingine ya zama zile. Baadaye zikaja sumu zilizofanywa kwa mfano wa nguvu iliyo katika ua la pareto, lile lililolimwa katika milima ya Kivu na ya Kenya. Sumu za ukoo huo ndizo zilizotiwa katika vyandarua tunavyogawiwa. Leo, katika majimbo mengi ya Kongo, mbu wamejaribiwa: hutiwa katika bomba lenye karatasi iliyopakwa sumu kwa muda wa saa moja, na siku ya pili huhesabiwa waliokufa. Wakifa chini ya 90 katika 100, yajulikana kwamba mbu wa mahali hapo wameishinda sumu. Na mara nyingi ndivyo ilivyoonekana.

Msikie hayo mkavitupa vyandarua! Chandarua kizima humzuia mbu hata sumu ikichoka. Tena viko vya namna mpya, vyenye dawa ya pili inayozuia mwili wa mbu usiivunje sumu. Vilijaribiwa Muleba, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria katika Tanzania, na habari zikatolewa mwaka 2018: watoto waliolala ndani yake waliambukizwa malaria kwa uchache kuliko wenye vyandarua vya zamani. Lakini kila dawa mpya ina umri wake, na umri huo hupungua kwa mikono yetu.

Basi kabla ya kununua dawa ya shamba, somea au somewa karatasi ya chupa. Jina la sumu likiishia kwa herufi thrin, au kwa Kifaransa thrine, ni ndugu ya sumu ya chandarua. Usiimwage katika dimbwi kamwe. Usioshe bomba lako mtoni wala katika mfereji. Sumu hiyo huua samaki upesi sana, na wewe utapoteza kitoweo na dawa ya chandarua kwa siku moja.

Mtauliza, tufanye nini? Lililo bora ni kuondoa maji. Shimo la matofali likiisha kazi, lijazeni udongo. Mashimo ya madini ya Walikale, yale yaliyoachwa karibu na kambi, yana kazi nyingi. Hayo yafaa wakubwa wa machimbo wapange watu wa kuyafukia kabla ya mvua.

Bwawa la samaki si adui likitunzwa. Huko Kisii, Kenya, watu walitia tilapia katika mabwawa yaliyoachwa, na habari zilizotolewa mwaka 2007 zasema kwamba baada ya majuma 15 viluwiluwi vya anofele vilipungua kupita 94 katika 100. Kwetu yako mabwawa mengi ambayo wenyewe waliyakimbia kwa vita, na majani yameyafunika. Akirudi mwenyewe, aanze kwa kung'oa majani ya kando, maana ndani yake kiluwiluwi hujificha na samaki hamfikii.

Na maji yasiyoweza kuondolewa? Iko dawa iitwayo Bti. Ni kijidudu kidogo mno chenye sumu nne, ambacho kiluwiluwi hukila kikafa; watu, ng'ombe na samaki hakiwadhuru. Kwa kuwa sumu zake ni nne pamoja, ni vigumu sana mbu kuzishinda. Ilitumika Dar es Salaam katika kazi iliyoanza mwaka 2004, na mwaka 2015 kiwanda cha dawa za namna hiyo kilifunguliwa Kibaha, Tanzania, kwa msaada wa Cuba. Udhia wake ni mmoja: haidumu. Yataka kutiwa kila juma, katika kila dimbwi, na hiyo ni kazi ya kijiji kizima.

Mkiipata, fuateni kipimo kilichoandikwa. Chukueni kata nyeupe, choteni maji mara kumi kando ya dimbwi, mhesabu viluwiluwi, muandike. Tieni dawa. Baada ya siku mbili choteni tena mara kumi. Vikionekana vikubwa vingi vikiogelea, msizidishe dawa kwa kukisia. Tieni vichache katika chupa safi pamoja na maji yake, mpeleke kituo cha afya, mkataje jina la dawa na siku iliyotiwa.