Maneno juu ya Mbwa: Je, Rangi ya Manyoya ni Kitu katika Uzazi?



Leo sitasema juu ya kahawa, wala viazi, wala mihogo. Nitasema juu ya mbwa. Najua wengine watacheka, kwa kuwa mbwa si mbuzi, hauzwi kwa kilo, na maziwa yake hayanywewi. Lakini nani analinda duka usiku hapa Butembo? Nani anafukuza nguruwe wa pori na nyani katika mashamba ya upande wa Mangina na Oicha? Ni mbwa. Basi nyama afanyaye kazi nyumbani mwetu anastahili kuzalishwa kwa akili, kama vile tunavyochagua mbegu za maharagwe.

Watu wengi huniuliza juu ya rangi. Mmoja asema mbwa mwekundu ndiye mwindaji wa kweli. Mwingine asema mweusi ndiye mkali wa usiku. Wa tatu hataki mweupe hata kidogo. Wazee wanisamehe mimi mdogo wao, lakini maneno haya yanaua watoto wa mbwa wasio na kosa, tena yanagombanisha majirani. Sikilizeni shauri hili.

Mtu mmoja wa njia ya Mangina ana jike mwekundu mwenye miguu myeupe, mbwa mzuri sana. Alimpa jirani yake mbuzi mmoja ili jike apate mimba kwa dume wa jirani, mwekundu pia. Majuma 9 yalipotimia, jike akazaa watoto 5. Wanne walikuwa wekundu. Wa tano alikuwa mweusi mgongoni, mwekundu mashavuni, mweupe kifuani. Yule mtu akakasirika: «Huyu si mtoto wa dume lako. Rudisha mbuzi wangu.» Jirani akajibu: «Dume langu ni hilohilo uliloliona. Labda jike wako alitembea usiku.» Wakapelekana kwa chifu wa mji, na watoto wa nyumbani wakaambiwa wamtupe mtoni yule wa rangi tatu.

Nani alisema kweli? Ili tujue, tutazame kwanza mahindi. Ukipanda mahindi meupe karibu na shamba la mahindi ya manjano, wakati wa kuvuna utaona punje za manjano katika gunzi la mahindi meupe. Upepo umeleta uzazi wa shamba la jirani, nayo rangi ya manjano ina nguvu kuliko nyeupe, inaonekana mara moja. Lakini punje ile ya manjano ina nyeupe ndani yake, imejificha. Uipande, utaona.

Mbwa ni vivyo hivyo. Kwa kila jambo la mwili mtoto hupokea mbegu mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mbegu yenye nguvu huonekana, nayo isiyo na nguvu hujificha, haifi. Rangi nyekundu ina nguvu kuliko ile ya rangi tatu. Basi mbwa mwekundu aweza kuchukua ndani yake mbegu ya rangi tatu miaka yote, wala hapana mtu anayeijua. Akikutana na mwekundu mwingine mwenye siri ileile, mtoto mmoja katika wanne, tukihesabu uzazi mwingi, atakuwa wa rangi tatu. Nasema tukihesabu uzazi mwingi, kwa sababu mara nyingine hatoki hata mmoja, mara nyingine wanatoka watatu.

Basi dume hakushitakiwa kwa haki, na jike vilevile. Wazazi wawili wekundu wanaweza kabisa kuzaa mtoto wa rangi tatu. Lakini nilimwambia pia mwenye dume asijivune mno, kwa kuwa jike akiwa katika joto aweza kupokea madume wawili, akazaa watoto wa baba wawili katika uzazi mmoja. Joto lake ni kama majuma 3. Anayetaka kujua baba kwa hakika amfungie jike ndani muda wote huo, si siku mbili tatu tu. Mwenye jike huyu alimfungia siku 4, kisha akamwachilia aende mtoni pamoja na watoto. Mbuzi akabaki kwa jirani. Mtoto wa mbwa hakutupwa, naye anasikia vema na anakula kuliko ndugu zake.

Sasa mtaniuliza: Kama rangi haileti ukali wala pua nzuri, je, si kitu kabisa? Hapo nataka mwelewe vizuri, kwa sababu kuna mahali rangi ni kitu kikubwa, si kwa bahati mbaya wala kwa uchawi, lakini kwa afya.

Jambo la kwanza ni weupe wa kichwa na masikio. Ndani ya sikio, mbali, kunakaa chembe zilezile zinazotia ngozi rangi, nazo zina kazi ya kusaidia sikio lisikie. Mtoto akizaliwa bila chembe hizo sikioni, sikio hufa katika majuma machache ya kwanza. Mbwa wa Dalmatia, wale weupe wenye madoa meusi, wanajulikana sana kwa jambo hili: katika hesabu zilizofanywa Marekani, karibu mbwa 30 katika 100 walikuwa viziwi wa sikio moja ao yote mawili. Weupe wa miguu, wa kifua na wa ncha ya mkia si neno. Mbwa wetu wengi wanao, na katika majani marefu ncha nyeupe ya mkia inamsaidia mwenyewe kumwona mbwa wake.

Lakini si kila mbwa mweupe ni mgonjwa. Tazama pua na pembe za macho. Zikiwa nyeusi, mara nyingi weupe ule ni wa namna nyingine, hauli sikio. Wenye maduka ya Butembo wanapenda mbwa wa Wadachi, wale wanaoitwa Berje. Mbwa wa kwanza aliyeandikwa katika kitabu cha ukoo ule, mwaka 1899, aliitwa Horand, na babu yake upande wa mama, Greif, alikuwa mweupe. Hata hivyo mwaka 1933 Wadachi waliandika kwamba weupe ni kosa, na watoto weupe wakaondolewa. Weupe wa Berje haukuwa ugonjwa. Watu walitupa wajukuu waliofanana na babu.

Jambo la pili ni rangi ya majivu yenye mabaka meusi yaliyochanikachanika, mara nyingi pamoja na jicho moja la buluu. Si rangi ya mbwa wetu wa zamani, ni ya mbwa wengine wa kizungu, na watu hulipa fedha nyingi kwa ajili yake. Mbwa mwenye mbegu moja ya rangi hii kwa kawaida anaishi vema. Lakini msimkutanishe na mwingine wa rangi hiyohiyo! Mtoto mmoja katika wanne atapokea mbegu mbili, naye mara nyingi atazaliwa karibu mweupe wote, kiziwi, ao kipofu, ao mwenye macho madogo yasiyokamilika. Hapa rangi ni neno la kwanza la kuuliza, kabla ya bei.

Juu ya mbwa wa majivu matupu, bila mabaka, nitasema kidogo tu. Wengine wao, si wote, hupoteza manyoya mgongoni wakiwa bado vijana, na ngozi yao hupata vipele. Ukiona baba wa hivyo, usimzalishe.

Tena jua. Pua ya rangi ya waridi na masikio yenye manyoya machache meupe huungua. Huku Butembo, juu, kwenye baridi na ukungu, hamtaona sana. Kule Beni na kwenda Kasindi mtaona. Na mbwa mweusi akifungwa juani adhuhuri hupata joto upesi kuliko mwekundu. Mjengee kivuli, umpe maji. Hilo ni kosa la mwenye kamba, si la rangi.

Sasa nataka kuwaeleza habari ya mbwa wa Kongo waliokwenda mbali, kwa kuwa ni habari yetu, nayo inafundisha kuliko maneno yangu.

Mbwa wadogo wa mwituni, wenye masikio ya kusimama, mkia wa kujikunja na uso wa mikunjo, mnawajua. Hawabweki kama mbwa wengine, wanalia kama kuimba, na wawindaji huwafunga kengele ya mti wasipotee porini. Waingereza waliwaonyesha wawili mjini London mwaka 1895, nao wakafa upesi kwa ugonjwa. Mwaka 1936 Bibi Burn alipeleka wengine kutoka Kongo, nao wakazaa. Mwaka 1937 watu wengi wakaja kuwatazama. Wakawapa jina basenji. Sisi tunalijua neno hilo: ni tusi la kumwita mtu mshenzi. Mbwa hakuuliza, akaitikia.

Uingereza na Marekani walipenda mbwa hao wenye rangi safi, mwekundu na mweupe, mweusi na mweupe, na wa rangi tatu. Lakini waliokuwa mababu wa wote walikuwa wachache sana. Ndugu na ndugu walikutana tena na tena. Ndipo siri zilizojificha zikaanza kukutana. Kwanza ulionekana ugonjwa wa kuvunjika damu: mtoto anadhoofika, ufizi unakuwa mweupe, anakufa angali kijana. Wazazi wote wawili wazima, wazuri, wenye rangi ya kupendeza. Katika miaka ya 1970 walipima damu, wakawaondoa katika uzazi wote wenye mbegu hiyo, hata mbwa wengi wenye wema mwingine. Ukoo ukawa mwembamba zaidi. Kisha ugonjwa wa figo, unaoitwa Fanconi, ukawasumbua sana: mbwa anakunywa maji mengi, anakojoa mno, sukari inatoka katika mkojo, anakonda. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi huonekana mbwa akiwa na miaka 4 na zaidi, amekwisha kuzaa. Kipimo cha mbegu yake kilipatikana mwaka 2007.

Walifanya nini? Walirudi kwetu. Mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walifika kaskazini-mashariki ya nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, wakachukua mbwa wa vijijini. Baadhi walikuwa na milia kama chui-milia, rangi ambayo vitabu vyao havikuikubali. Mwaka 1990 kitabu cha ukoo kilifunguliwa, mbwa 14 wakaandikwa, na rangi ya milia ikakubaliwa pamoja nao. Basi mbwa ambaye mtu wa mji wetu angemcheka kwa milia yake alivuka bahari kwenda kuongeza damu mpya kwa mbwa wa matajiri.

Ndiyo sababu nasema: mkitupa kila mtoto asiye mwekundu, hamtupi rangi tu. Mnatupa pua, na moyo, na damu isiyo ya karibu, na mkibaki na wekundu wachache wa nyumba moja, siri za ndani zitakutana. Kule Rumangabo, walinzi wa Hifadhi ya Virunga walianza mwaka 2011 kufanya kazi na mbwa wa kufuata harufu ya mtu. Walitafuta pua. (Na msiseme monitere amewatuma kuwinda ndani ya Hifadhi! Imekatazwa, na mbwa wenu hamjui mpaka.)

Mtazame nini, basi? Tazameni mama kwanza: je, analea, ao anakula watoto wake? Je, analinda nyumba bila kuuma watoto wa jirani? Meno yakutane sawa, miguu isimame vema, kifua kiwe kipana. Jike asizalishwe katika joto lake la kwanza, mwili wake haujakomaa. Baba asiwe ndugu yake, wala baba yake, wala mtoto wake. Najua katika mji mdogo ni vigumu. Basi peaneni madume: mtu wa Butembo apeleke wake Lubero ao Beni, njia ikiwa salama, na wa huko alete wake.

Watoto wakifika majuma 5, mjaribu masikio. Ngoja mtoto alale peke yake, mbali na ndugu zake, kisha gonga sufuria nyuma yake, asikuone wala asisikie upepo wa mkono. Asipoamka, rudia kesho. Asipoamka tena, ni kiziwi: usimwuze kwa mtu kama mlinzi, usimzalishe. Kiziwi wa sikio moja ni vigumu kumjua. Mara nyingi hugeukia upande usio wake.

Nunueni daftari moja la shule. Andikeni siku ya joto, jina la dume na mji wake, siku ya kuzaa (kama siku 63 baadaye), hesabu ya watoto, rangi zao na waliokufa. Shauri la Mangina lingekwisha katika dakika 5 kama daftari lingekuwapo.

Tena sindano ya kichaa cha mbwa, kila mwaka, kwa mbwa wa rangi zote. Aliyeumwa na mbwa asimtazame manyoya: aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, aende hospitali siku ileile.

Wenye majike walio karibu na joto wabaki nyuma kidogo, tuandike majina ya madume na tuone nani ni ndugu ya nani.