Kilabu cha uraka kisifungwe

Msimu wa korosho ukifika Masasi na Newala, mabibo huanguka mengi kuliko yanavyoweza kuliwa. Akina mama huyakamua, maji yake huachwa yachachuke, uraka ukawa tayari. Hauhitaji kiwanda wala lori la kutoka Dar es Salaam. Ndiyo maana mkulima anayesubiri fedha za mnada wa korosho bado anamudu kukaa kilabuni na wenzake, wakaulizana bei na habari za misiba.

Hoja za afya za wanaotaka vilabu vifungwe nazikubali. Nipa, inayokenekwa kutokana na mabibo hayohayo, ni gongo, na sheria inaikataza. Lakini kilabu cha wazi kikifungwa, unywaji huhamia uani, nako nipa ndiyo hutawala, huku muuza uraka akipoteza ada ya watoto.

Halmashauri zianze na choo, saa zinazosimamiwa na maji safi. Hili la maji si dogo kwa Newala, ambako maji hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni. Na leseni iwe ya bei ambayo mama wa uraka ataiweza.