Nyumba za Wazee: Maneno Yaliyosemwa Barazani



Jambo tulilotakiwa kusema leo ni habari ya nyumba wanamotunzwa wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Twajua ya kuwa neno hili halipendezi masikioni mwa wengi. Mtu akisikia kwamba mzee fulani amepelekwa katika nyumba ya wazee, huuliza mara moja, "Je, wanawe wamekufa wote?" Na kama wangali hai, huona haya kwa ajili yao. Hatukuja kuwaondolea haya hiyo, maana ni haya njema. Lakini wako wazee ambao wana wao wamekufa kweli, na wako wasiozaa, na wako waliokwenda mbali kutafuta kazi, wakazeekea huko hata kwao hapana tena awajuaye. Hao nao walale wapi?

Twaanza na habari za Uingereza, kwa kuwa watu wa nchi ile wamejaribu njia nyingi kwa muda wa miaka karibu mia tisa, na baadhi ya njia hizo zilikuwa mbaya sana. Si lazima nasi tuzipitie zote.

Katika mji wa Winchester iko nyumba iitwayo St Cross, iliyoanzishwa na Askofu Henry of Blois katika miaka ya 1130. Aliagiza watunzwe humo wanaume maskini 13 wasioweza kazi kwa udhaifu wa mwili, na maskini wengine 100 walishwe kila siku. Nyumba ile haijafa. Hata leo wamo wanaume wazee, kila mmoja na makao yake, nao huvaa majoho, wengine meusi na wengine mekundu, yenye nishani kifuani. Msafiri apitaye akiomba hupewa kipande cha mkate na bia kidogo, kama ilivyokuwa desturi tangu zamani. (Sisi tungependa kujua ni wangapi waombao kwa ajili ya mkate.) Nyumba za namna hiyo, zilizojengwa kwa sadaka, ziko nyingi katika nchi ile, na watu zaidi ya 30,000 hukaa humo.

Lakini sadaka haikuwatosha maskini wote. Mwaka wa 1601 ilitolewa sheria kwamba kila mtaa wa kanisa utoze kodi na kuwatunza maskini wake wenyewe. Kwa muda wa miaka zaidi ya mia mbili mzee aliweza kupewa fedha kidogo au mkate, akakaa nyumbani mwake. Baadaye walipa kodi wakanung'unika ya kuwa gharama imezidi, na mwaka wa 1834 ikaja sheria nyingine. Sheria hiyo ilisema kwamba maskini atakaye msaada aingie katika nyumba kubwa ya maskini, na maisha ya humo yawe mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje, ili mtu asitamani kuingia. Waliokusudiwa hasa ni wenye nguvu waliodhaniwa kuwa wavivu. Wazee wengi waliendelea kusaidiwa majumbani mwao. Ila mzee dhaifu asiye na mtu aliingizwa katika mlango ule ule wa mvivu, akavikwa nguo zile zile na kula chakula kile kile.

Tena mume alitengwa na mke. Fikirini watu waliokaa pamoja miaka arobaini, wakifika mlangoni huyu apelekwe upande wa wanaume na huyu upande wa wanawake. Mwaka wa 1847 ilipasa kutungwa sheria ya kusema kwamba mume na mke waliopita miaka 60 wasilazimishwe kutengana. Na hata baada ya hapo, mahali pengi havikuwako vyumba vya kuwaweka pamoja. Tena tangu mwaka wa 1832 sheria iliruhusu maiti ya mtu aliyekufa humo, asipotokea wa kumdai, ipelekwe kwa waganga wanafunzi ikapasuliwe. Basi msistaajabu kuwa wazee wengi walichagua baridi na njaa kuliko kuingia. Nyumba zile zilikuwa za mawe mazuri, zenye paa zisizovuja, na watu wakaziogopa kama jela.

Jambo lililowaokoa wengi katika hofu hiyo halikuwa nyumba bali fedha. Tarehe 1 Januari 1909 wazee wa miaka 70 na zaidi, wenye pato dogo, walianza kupokea shilingi tano kila juma katika nyumba za posta. Shilingi tano hazikutosha kumlisha mtu vizuri. Lakini mzee aliyekaa kwa binti yake sasa aliweza kuweka kitu mezani, naye hakuwa tena mzigo mtupu.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1948, iliyoanza kazi tarehe 5 Julai. Ilizipa serikali za miji na majimbo wajibu wa kuweka nyumba za wazee na wadhaifu. Waziri Aneurin Bevan alitaka ziwe nyumba ndogo za watu kama 25 au 30, na mzee awe kama mgeni wa hoteli alipaye mwenyewe: katika shilingi 26 za pensheni yake alipe 21, zibaki tano mfukoni mwake. Shauri lilikuwa jema. Lakini vita vilikuwa vimekwisha juzi tu, na fedha za kujenga zilikuwa haba. Basi wazee wengi wakawekwa katika majengo yale yale ya zamani, na jina jipya likaandikwa mlangoni.

Katika mwaka wa 1958 na 1959 mtaalamu mmoja, Bwana Peter Townsend, alizunguka Uingereza na Wales akaona nyumba za wazee 173, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1962. Aliona ya kuwa wengi waliingia si kwa sababu ya ugonjwa, bali kwa kukosa nyumba, au fedha, au jamaa wa kuwasaidia kidogo. Na waliokwisha kuingia walipoteza mengi: kazi za mikono, majirani, hata uwezo wa kufunga mlango na kuwa peke yao. Huyu alikuwa fundi, yule alipika mikate yake miaka hamsini. Sasa wote wameketi katika viti vilivyopangwa ukutani, wakingoja kengele ya chakula. Twaona ushahidi wake ni mzito, maana hakusema wazee walipigwa, wala walilala njaa. Walikuwa safi, na walishiba, na hawakuwa na la kufanya.

Ndiyo sababu njia nyingine imeenea katika nchi ile. Hujengwa nyumba ndogo nyingi mahali pamoja, na kila mzee ana mlango wake, na ufunguo wake, na jiko lake. Ndani iko kamba au kengele ya kuvuta akianguka, na yuko mtu ambaye kazi yake ni kuwaangalia. Akizidi kudhoofika, watumishi huja kumwosha na kumvika. Hamwondoi mtu katika maisha yake, mwampa mkono tu pale alipopungukiwa. Wale ambao akili imepotea, au wasioweza kuinuka, bado huhitaji nyumba yenye wauguzi usiku na mchana; hakuna kengele itoshayo kwao.

Sasa tutazame huku kwetu. Katika Tanzania bara Serikali ina makazi ya wazee, kama Nunge huko Kigamboni, Fungafunga huko Morogoro, Kolandoto huko Shinyanga na Bukumbi upande wa Mwanza. Unguja ziko nyumba za Sebleni na Welezo, na Welezo masista wa Kikatoliki wamehudumu miaka mingi. Nairobi iko Nyumba ya Wazee ya masista wa shirika lililoanzishwa Ufaransa na Jeanne Jugan, ambaye mwaka 1839 alimleta nyumbani bibi kipofu na kumlaza katika kitanda chake mwenyewe. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, ya mwaka 2003, inasema wazi ya kuwa mahali pa mzee ni katika jamaa yake, na makazi ni njia ya mwisho. Twaikubali sera hiyo. Lakini jamaa asiye na kitu hutunza kwa kitu gani? Zanzibar walilitambua hilo: tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 hupewa fedha kila mwezi, kwanza shilingi 20,000, na baadaye zikaongezwa. Kenya nayo huwapa wazee wa miaka 70 shilingi 2,000 za huko kwa mwezi.

Tena hatuwezi kulinyamazia jambo moja. Katika nchi ya Usukuma wako akina bibi waliouawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi alama iliyotajwa ni macho mekundu. Macho yale ni mekundu kwa moshi wa kuni na samadi, waliopikia watoto wa watu hao hao. Bibi wa namna hiyo akikimbilia makazi ya Serikali, msiseme amekosa jamaa. Jamaa anao, naye anawaogopa. Hapo kazi ni ya chifu na ya mwalimu kabla haijawa ya askari.

Basi twawaomba mambo yasiyohitaji fedha nyingi. Tuseme yuko bibi mjane asiye na mtoto, na kibanda chake kimeinama. Kabla ya kuandika barua ya kumpeleka mbali, ulizeni kama vijana waweza kumjengea chumba kimoja karibu na jirani ampendaye, si karibu na yule mwenye nafasi tu. Kizingiti kiwe chini asijikwae, choo kiwe karibu na chenye mti wa kushika, na jiko liwe na tundu la kutoa moshi. Mpeni mlango wenye komeo lake. Mwacheni na kuku wake na bustani ya mchicha, hata kama hawezi kulima vizuri.

Na walimu, ninyi mnayo kalamu. Wazee wengi hukosa haki zao kwa kuwa hakuna karatasi ionyeshayo umri wao. Anzeni daftari la wazee wa kijiji: jina, umri kwa kadiri ya matukio ayakumbukayo, ugonjwa alio nao, na jamaa aliye hai. Kisha ongezeni safu moja, na kila mwezi mhakikishe ya kuwa ingali kweli: ni nani alalaye karibu hata amsikie akiita usiku.