Samaki asiye na pa kujificha

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.

Msikilizaji wetu mmoja wa Nyanga, hapa Bukoba mjini, ameniandikia swali ambalo wenzangu wa chumba cha habari walilicheka. Anasema alinunua tangi la kioo, akalijaza maji ya bomba, na siku hiyo hiyo akatia samaki sita wa mapambo, alipambe sebule yake. Tangu hapo samaki wale wakajibanza nyuma ya jiwe lililokuwamo tangini, hawatoki ila usiku taa zikizimwa. Akaona jiwe ndilo adui, akalitoa. Sasa samaki wamejikunyata kwenye pembe ya tangi, rangi zimewapauka, na mmoja amekufa. Anauliza: je, ameuziwa samaki wagonjwa?

Mimi sikucheka. Swali hili linaanzia sebuleni, lakini jibu lake liko ziwani, umbali wa dakika chache kwa miguu kutoka nyumbani kwa muulizaji. Na tukilielewa vizuri, litatufundisha jambo kuhusu ziwa lenyewe, ambalo wengi wetu tunalitegemea kwa mboga na kwa ada za shule za watoto.

Tuanze na jambo la msingi. Kujificha si ugonjwa. Samaki mdogo, popote alipo duniani, ni kitoweo cha mwenziwe. Juu yake kuna mnandi, mdiria na tai mla samaki. Ubavuni kuna fisi maji. Chini kuna kambare. Samaki asiyejua kujificha hakubahatika kuacha wajukuu. Kwa hiyo hao tunaowaona leo wote ni kizazi cha waliojua kukimbilia shimoni. Ukilisogelea tangi na kivuli chako kikaangukia maji, samaki hajui kuwa wewe ndiye mwenye nyumba uliyemlipia fedha. Anachokiona ni ndege mkubwa.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko katika Ziwa Victoria. Wazee wanawakumbuka furu, wale samaki wadogo wenye miiba ambao ndugu zetu wa Uganda huwaita nkejje. Kabla ya miaka ya 1980, furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wote waishio karibu na sakafu ya ziwa. Hawakuwa aina moja. Wanasayansi wanakadiria kwamba zilikuwamo aina zaidi ya 500, wengine wakila konokono, wengine wakikwangua ukoga kwenye mawe, wengine wakila watoto wa wenzao.

Kisha akaja sangara. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hoja kwamba awale furu wasio na bei, na kuwageuza kuwa minofu yenye bei. Kwa miaka ishirini hivi alikaa kimya. Katika miaka ya 1980 akafumuka. Huyu ni samaki anayeweza kufikia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 200. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 za furu zilitoweka katika muda mfupi kuliko ule wa mtoto kumaliza shule ya msingi na sekondari. Simlaumu sangara peke yake, maana uvuvi wa kupita kiasi na uchafuzi wa maji navyo vilichangia. Wala siwezi kusahau kwamba sangara huyo huyo amejenga nyumba nyingi Kemondo na katika visiwa vya Muleba.

Swali langu ni hili: ni furu gani waliosalia? Baadhi ya waishio maji ya wazi, waliodhaniwa wamekwisha, walionekana tena katika miaka ya 1990. Lakini waliostahimili vizuri zaidi ni wale waliokuwa na pa kujificha. Wa kwanza ni wale wa kwenye miamba, ambao wavuvi wa upande wa Mwanza huwaita mbipi. Sangara mnene hawezi kuupenya ufa wa mwamba unaotosha kidole gumba. Wa pili ni wale waliokimbilia ndani ya mafunjo. Humo maji yana hewa kidogo sana ya oksijeni. Furu wengi huvumilia. Sangara, mwenye mwili mkubwa na mahitaji makubwa ya hewa, hawezi. Katika ziwa dogo la Nabugabo, nchini Uganda, ambako sangara aliingizwa pia, watafiti waliwakuta furu wakiendelea kuishi kwenye kingo zenye majani na mafunjo, hali katikati ya ziwa wamepungua mno. Yaani jiwe na funjo vilifanya kazi ambayo hakuna sheria wala doria iliyoweza kuifanya.

Miongoni mwa hao wa kwenye miamba yumo samaki mmoja ambaye kila Mtanzania angepaswa kumjua. Mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alipong'atuka, wanasayansi wa Kiholanzi waliokuwa wakifanya utafiti upande wa Mwanza walimtangaza furu mpya na kumpa jina la nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Mwaka 1998 yeye na jamaa zake walipewa jina la ukoo, Pundamilia, neno letu hasa, kwa ajili ya mistari yao myeusi. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Leo samaki huyu anafugwa katika matangi ya Ulaya na Marekani, ambako watu wasiojua Mwanza iko wapi wanampa chakula kila asubuhi na kulitamka jina la Mwalimu. Sisi tulio kando ya ziwa tunanunua samaki wa dhahabu, ambaye asili yake ni China. Penye miti hapana wajenzi.

Sasa turudi sebuleni. Samaki wa tangini hujificha kwa sababu nne kubwa, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni ugeni. Samaki aliyesafirishwa ndani ya mfuko wa plastiki, akamwagwa kwenye maji asiyoyajua, atajificha siku kadhaa. Mwache. Zima taa ya tangi siku ya kwanza, wakataze watoto kugonga kioo, na ubandike karatasi nyeusi upande wa nyuma ili asione watu wakipita pande zote.

Ya pili ni kuonewa. Furu na jamaa zake ni samaki wa mipaka. Dume hushika sehemu yake na kumfukuza kila apitaye. Akufukuzaye hakwambii toka. Utajua kwa kuona mmoja ana mapezi yaliyochanika na anakaa juu kabisa, karibu na uso wa maji, pembeni. Usiweke madume wawili katika tangi dogo. Weka dume mmoja na majike kadhaa, na maficho yawe mengi kuliko idadi ya samaki, ili aliyefukuzwa hapa apate pa kuingia pale.

Ya tatu ni uzazi, na hapa ndipo wengi huharibu. Jike la furu hutunza mayai mdomoni, na vifaranga pia, kwa muda wa wiki mbili hadi tatu. Wakati huo hali chakula, au hula kidogo sana. Kidevu kimevimba, na hujitenga. Mwenye tangi akimwona hivyo husema huyu mgonjwa, akamwaga dawa. La hasha! Huyo ni mzazi. Mpishe.

Ya nne, na ya hatari kuliko zote, ni maji mabaya. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa sumu iitwayo amonia. Katika ziwa sumu hiyo husambaa na kuliwa na bakteria. Katika tangi jipya bakteria hao bado hawajazaliwa vya kutosha. Huchukua wiki nne hadi sita. Anayetia samaki sita siku ya kwanza anawaweka chooni bila shimo. Tena maji ya bomba yana klorini, ambayo ni nzuri kwa tumbo letu lakini inaunguza mashavu ya samaki. Kwa maelezo ya msikilizaji wetu, nathubutu kusema hapa ndipo alipompoteza yule mmoja.

Utajuaje kama samaki anajificha kwa amani au kwa maradhi? Tia chakula kidogo, kaa mbali, utazame. Mwenye afya atachungulia, atatoka, atakula, kisha atarudi zake. Mgonjwa hatatoka kwa chakula. Mapezi ameyabana mwilini, au anahemea juu ya maji, au anajikwangua kwenye mawe, au ana vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Hapo usikimbilie dawa kabla ya kubadilisha sehemu ya maji, maana mara nyingi maji ndiyo maradhi yenyewe.

Matunzo yenyewe hayana gharama kubwa. Maji ya bomba yakae katika ndoo iliyo wazi usiku na mchana kabla ya kutiwa. Kila wiki toa robo ya maji ya tangi, tia mapya. Sifongo ya mashine ya kuchujia isuuze katika maji yale yaliyotolewa, usiisuuze bombani, usije ukawaua bakteria wenye faida. Chakula kiwe kile kinachomalizika kwa dakika mbili. Anza na samaki wawili wadogo, na ukinunua mwingine mtenge wiki mbili katika chombo cha peke yake kabla hajawaambukiza wenyeji. Umeme ukikatika usiwalishe. Chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara, yapate hewa.

Na jiwe lirudishwe! Yarudi mengi, yaliyosuguliwa bila sabuni, yakae imara juu ya sakafu ya tangi, maana furu huchimba mchanga na jiwe linaweza kuwaangukia. Vigae vya chungu kilichovunjika vinafaa, na kifuu cha nazi pia. Hapa kuna ajabu ambayo wafugaji wenye uzoefu wote wanaijua: samaki mwenye maficho mengi ndiye anayeonekana zaidi. Akijua shimo lake liko karibu, hutamba katikati ya tangi bila hofu. Aliyenyang'anywa shimo hukaa pembeni akitetemeka, na woga ule ule hupunguza nguvu ya mwili wake ya kupambana na maradhi.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo nilipotaka tufike. Kumwondolea samaki jiwe ili tumwone vizuri ndiko kunakofanyika ziwani kila siku, tena kwa kiwango kikubwa. Mafunjo yanafyekwa na kuchomwa ili tupande mboga au tujenge nyumba inayotazama maji. Mawe ya ufukweni yanapondwa kokoto. Makokoro yanakokotwa hadi ukingoni yakizoa mayai, vifaranga na wazazi wao. Udongo wa mashamba ya milimani unateremka na mvua na kuyatia maji tope. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba tope lina madhara ambayo hatukuyafikiria. Jike la furu huchagua dume kwa rangi. Maji yakichafuka hatofautishi nyekundu na buluu, na aina zinachanganyika hadi zinapotea bila hata kuliwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita hizo 60 wengi tunaziona kama ardhi iliyoachwa bure. Kumbe ndizo nyumba za kuzalia za samaki. Sato tunayemla Jumapili naye alikulia kwenye majani ya ukingoni. Anayefyeka mafunjo ya Bukoba leo anamnyima mvuvi wa Bumbire kitoweo cha kesho kutwa.

Nina neno moja zaidi kwa wenye matangi. Ukichoka kufuga, usimwage samaki wala majani ya tangi ziwani au mtoni. Mpe jirani. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini likisambazwa kama ua zuri la mabwawa ya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana katika ziwa letu, na Mto Kagera ukawa njia mojawapo ya kulileta. Sote tunakumbuka mitumbwi iliyonaswa. Na ukitaka kufuga furu wa hapa, pita kwanza ofisi ya uvuvi uulize habari za kibali, kisha ufuge wachache.

Tangi la kioo ni ziwa dogo ambalo makosa yake huonekana kwa wiki moja. Ziwa ni tangi kubwa ambalo makosa yake huonekana baada ya miaka ishirini, wakati aliyeyatenda ameshahama au ameshazikwa. Katika yote mawili, samaki anaomba maji safi na mahali pa kujisitiri.

Hadi juma lijalo, Mungu akitujalia, kwaherini.